Python inapopiga hodi kwa C: nini hasa kinavuka kizingiti

Fungua terminali ya Linux, washa Python, kisha andika mistari hii:

```
>>> import ctypes
>>> libc = ctypes.CDLL("libc.so.6")
>>> libc.abs(-7)
7
```

Tayari umeita funksheni ya C kutoka Python, kupitia ctypes, moduli inayokuja na Python yenyewe. Hukuandika C hata kidogo wala hukukompaili chochote, na jibu ni sahihi. Wengi huishia hapa siku ya kwanza, wakalala na furaha. Kesho yake wanajaribu kipeuo cha pili kwa libm, maktaba ya hesabu ya C:

```
>>> libm = ctypes.CDLL("libm.so.6")
>>> libm.sqrt(16)
```

Ulitegemea 4. Unachopata ni namba isiyo na kichwa wala miguu, na kwenye kompyuta ya mwenzako huenda ikawa nyingine kabisa. Hakuna ujumbe wa kosa. Python haikulalamika, C nayo haikulalamika. Basi wapi palipoharibika?

Jibu ni kwamba hakuna kilichoharibika. `sqrt` ilifanya kazi yake sawasawa, ila si juu ya 16 yako. Na `abs` ile ya mwanzo ilikupa jibu sahihi kwa bahati tu. Ukishaelewa tofauti ya hizo mbili, umeelewa sehemu kubwa ya somo hili. Yanayobaki ni matawi ya mti uleule.

Kwa nini mlango ni wa C

Dennis Ritchie aliitengeneza C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 kiini cha mfumo endeshi wa Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Tangu hapo, mtu akitaka kuomba huduma kwenye mfumo endeshi, yaani kufungua faili, kusoma saa au kutuma data mtandaoni, mlango aliowekewa ni funksheni ya C. Juu ya msingi huo zikajengwa maktaba ambazo leo zimo karibu kila kifaa: SQLite ya hifadhidata, zlib ya kubana mafaili, libcurl ya kuvuta vitu mtandaoni. Hakuna mwenye akili timamu atakayekaa aiandike SQLite upya kwa kila lugha mpya inayozaliwa. Ni rahisi zaidi kuifundisha lugha mpya kupiga hodi.

Jambo hili lina upande ambao Mswahili anauelewa upesi. Maktaba iliyoandikwa kwa Rust ikitaka kuitwa na Python, zote mbili huzungumza kwa adabu za C, ingawa hakuna kati yao aliye C. Ni Mmakonde na Mjaluo wamekutana Kariakoo: kila mmoja ana lugha ya kwao, biashara inafanyika kwa ya tatu. Tofauti ni kwamba wale wawili sokoni wanaelewana maneno. Hapa kinachoshirikiwa ni namna ya kukabidhiana mizigo tu. Maana ya kilichomo ndani ya mzigo haivuki kabisa.

Faili lisilokumbuka

Msimbo wa C unapokompailiwa kuwa maktaba ya pamoja, lile faili la `.so` (kwenye Windows ni `.dll`), mambo mengi hutupwa. Mwandishi aliandika `double sqrt(double x)`. Kompaila ikasoma maneno hayo, ikayazingatia, ikatoa maagizo ya prosesa, kisha ikayasahau. Kinachobaki ndani ya faili ni jina `sqrt` na anwani ya mahali maagizo yanapoanzia. Ukitumia amri ya `nm -D` juu ya maktaba, utaliona jina. Hutaona popote kwamba linapokea namba ya desimali wala kwamba linarudisha desimali. Maarifa hayo yako kwenye faili la heda, lile la `.h`, ambalo ni maandishi ya kusomwa na kompaila ya C. Python hailifungui.

Kwa hiyo `ctypes.CDLL` inaomba mfumo upakie maktaba kwenye memori (kwenye Linux kazi hiyo ni ya `dlopen`), halafu kila ukitaja jina inaulizia anwani yake (`dlsym`). Inapewa anwani. Basi. Aina za hoja (thamani unazoipa funksheni), idadi yake, aina ya jibu: hivyo vyote inabidi uvibebe wewe unayeita. Usipovisema, ctypes inakisia. Namba kamili ya Python inaipeleka kama `int` ya C, na jibu inadhani nalo ni `int`. `abs` inapokea `int` na kurudisha `int`, ndiyo maana kisio kiliangukia palepale.

Kutokana na hili utajua pia kwa nini baadhi ya vitu huvikuti kabisa. Jina lililotengenezwa kwa `#define` halimo kwenye maktaba, kwa sababu liliyeyuka kabla kompaila haijaanza kazi. Na maktaba ya C++ majina yake yamekorogwa, aina za hoja zimesukwa ndani ya jina lenyewe, hadi mwandishi wake aweke `extern "C"` ndipo jina libaki safi.

Vyumba vya prosesa

Turudi kwa ile 16. Prosesa ina vyumba vidogo vya kuwekea thamani, viitwavyo rejista. Kwenye kompyuta za biti 64 za aina ya Intel na AMD zinazoendesha Linux, kuna mapatano yaliyoandikwa: hoja sita za mwanzo zilizo namba kamili au pointa (anwani za memori) zinakaa kwenye rejista `rdi`, `rsi`, `rdx`, `rcx`, `r8` na `r9`, kwa mpangilio huo. Namba za desimali zina safu yake, `xmm0` hadi `xmm7`. Jibu likiwa namba kamili linarudi kwenye `rax`. Likiwa desimali, kwenye `xmm0`.

Ulipoandika `libm.sqrt(16)`, ctypes iliiweka 16 ndani ya `rdi`. `sqrt` haikutazama `rdi` hata kidogo. Ilifungua `xmm0`, ikakuta mabaki ya hesabu iliyopita, ikayatafutia kipeuo cha pili, ikaacha jibu kwenye `xmm0`. Nayo ctypes ikaenda kuchukua jibu kwenye `rax`, ambako palikuwa na mabaki mengine. Watu wawili wameachiana mizigo kwenye vyumba tofauti, na kila mmoja ameondoka na cha mtu mwingine.

Mapatano haya hayatokani na chipu yenyewe. Kompyuta ileile, prosesa ileile, ukiweka Windows vyumba vinabadilika: hoja nne tu ndizo zinazopita kwenye rejista, zikianzia `rcx`. Kinachokuepusha na kuyajua yote haya ni maktaba iitwayo libffi, iliyoanzishwa na Anthony Green miaka ya 1990, ambayo kazi yake ni kupanga thamani kwenye vyumba sahihi kulingana na mfumo uliopo. Thomas Heller aliiandika ctypes juu yake, na mwaka 2006 ikaingizwa rasmi ndani ya Python 2.5. Lakini libffi hupanga kile ulichoiambia. Ukiiambia uongo itaupanga uongo wako vizuri sana.

Dawa ni mistari miwili, wa kwanza unataja aina ya hoja, wa pili aina ya jibu:

```
>>> libm.sqrt.argtypes = [ctypes.c_double]
>>> libm.sqrt.restype = ctypes.c_double
>>> libm.sqrt(16)
4.0
```

Binafsi siiti funksheni yoyote kabla ya kuandika mistari hiyo miwili, hata kama ni `abs`. Wapo wanaoona ni urefu usio na faida. Ngoja wakutane na pointa.

Pointa ni anwani ya mahali kwenye memori, na kwenye mashine za leo ina biti 64. `int` ina biti 32. Ukiita `getenv`, ambayo jibu lake ni pointa, bila kutaja aina ya jibu, C inarudisha anwani kamili, ctypes inachukua nusu yake ya chini na kuitupa nusu ya juu. Ni sawa na kuandikiwa namba ya simu ukanakili tarakimu tano za mwisho. Ukiitumia anwani hiyo iliyokatwa, programu nzima inakufa kwa maneno mawili, `Segmentation fault`, bila hata orodha ya mistari ambayo Python huwa inakupa. `try` na `except` havisaidii, kwa sababu aliyekufa ndiye aliyetakiwa kuvitekeleza. Angalau ukiwasha Python kwa `-X faulthandler` utaoneshwa mstari ulioua.

Kukatwa huko kuna sura nyingine ambayo haiui, na ndiyo ninayoihofia zaidi. Namba kamili ya Python haina kikomo. `Int` ya C inacho. Peleka 5000000000 mahali panapotaka `c_int`, na ctypes haikagui: inavuka 705032704. Kama hizo zilikuwa shilingi, bilioni tano zimegeuka milioni mia saba na ushee, na ripoti imetoka ikiwa na mpangilio mzuri kabisa.

Maandishi nayo yana mtego wake. `libc.strlen("Habari")` inarudisha 1. Si 6. Python 3 ikipewa maandishi ya kawaida inayapeleka kwa herufi pana, ambazo kwenye Linux kila moja inachukua baiti nne: `H`, kisha sifuri tatu. `strlen` huhesabu mpaka ikutane na baiti ya sifuri, ikaikuta mara baada ya `H`. Andika `b"Habari"` na utapata 6. Na ikiwa C itaandika ndani ya eneo hilo badala ya kulisoma tu, usiipe `bytes` kabisa. Tengeneza eneo la kuandikia kwa `create_string_buffer`, maana Python inaamini `bytes` hazibadiliki kamwe.

Saa ya Kiswahili

Tufanye kitu chetu. Hii ni maktaba ya C ya funksheni moja, inayogeuza saa ya mfumo (0 hadi 23) kuwa saa tunayoitaja midomoni:

```
/* saa.c */
int saa_ya_kiswahili(int saa)
{
    int s = (saa + 6) % 12;
    return s == 0 ? 12 : s;
}
```

Ikompaili kwa `gcc -shared -fPIC -o libsaa.so saa.c`, ipakie kwa `CDLL("./libsaa.so")`, mpe 7 upate 1, mpe 18 upate 12. Hadi hapo rahisi. Sasa tunataka saa ya sasa hivi, na kwa makusudi tutaiomba kwa C yenyewe, kupitia `localtime_r`. Funksheni hii inajaza muundo wa data uitwao `struct tm`. Vitabu vingi vitakuambia una namba tisa: sekunde, dakika, saa, siku, mwezi, mwaka, siku ya juma, siku ya mwaka, na alama ya saa za kiangazi. Basi tunaandika:

```
from ctypes import *

class Wakati(Structure):
    _fields_ = [(j, c_int) for j in
        ("sekunde", "dakika", "saa", "siku", "mwezi", "mwaka",
         "siku_ya_juma", "siku_ya_mwaka", "kiangazi")]

libc = CDLL("libc.so.6")
sasa = c_long(libc.time(None))
w = Wakati()
libc.localtime_r(byref(sasa), byref(w))
```

Ona kwanza kwamba majina nimeyatunga mwenyewe na hakuna kilichokataa. C ina `tm_hour`, mimi nina `saa`, na hakuna anayejua. Majina yalisahaulika kwenye kukompaili pamoja na aina. Kilichobaki ni umbali: saa iko baiti ya 8 kutoka mwanzo, siku baiti ya 12. Ukibadilisha mpangilio wa majina mawili utapata siku badala ya saa, kimyakimya. (Mwezi huanza na 0 na mwaka huhesabiwa kutoka 1900, kwa hiyo 124 ni 2024.)

Msimbo huo unafanya kazi. Unatoa saa sahihi. Na una kosa baya.

Namba tisa za baiti nne ni baiti 36. Lakini kwenye Linux ya biti 64 `struct tm` ina baiti 56, kwa sababu maktaba ya glibc imeongeza mambo mawili mwishoni: tofauti na UTC (saa ya marejeo ya dunia) kwa sekunde, na pointa ya jina la ukanda wa saa. Kabla ya hayo mawili kuna baiti nne tupu, zilizoachwa ili namba ya baiti nane ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa nane. `localtime_r` haijui kwamba Python imetenga 36 tu. Imepewa anwani, inaandika mpaka baiti ya 56, ikipitiliza uwanja wako na kuingia wa jirani. Jirani huyo anaweza kuwa eneo tupu, na programu ikaenda miezi bila neno. Anaweza kuwa kitu kingine cha Python, ikaanguka mahali pasipohusiana na saa hata kidogo. Makosa ya namna hii yana tabia ya kutokea kwenye mashine ya mteja tu.

Marekebisho ni kuongeza sehemu mbili mwishoni mwa orodha, `("tofauti", c_long)` na `("ukanda", c_char_p)`. Zile baiti nne tupu ctypes inaziweka yenyewe. `sizeof(Wakati)` sasa ni 56, na kwa kompyuta iliyopangwa saa za Nairobi au Dar es Salaam `w.tofauti` ni 10800 na `w.ukanda` ni `b'EAT'`. Lubumbashi itakuwa 7200.

Kuna kosa jingine nililipachika hapo juu, sijui kama uliliona. `libc.time` sikuitajia aina ya jibu, kwa hiyo inachukuliwa kuwa `int`. Itafanya kazi vizuri hadi tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kisha sekunde zitapinduka kuwa hasi.

Nani anafagia

Memori iliyotengwa upande mmoja haifutwi na upande wa pili. Python ina mzoa taka wake, na mzoa taka huyo havuki kizingiti. `strdup` inatengeneza nakala ya maandishi na kukuachia jukumu la kuita `free`. Ukitaja jibu lake kuwa `c_char_p`, ctypes kwa wema wake inakunakilia maandishi kuwa `bytes` na kuitupa pointa ya asili. Huna tena cha kuikabidhi `free`, na memori imevuja. Njia sahihi ni kulitaja jibu kuwa `c_void_p`, kuyasoma maandishi kwa `string_at`, kisha kuita `free`, ambayo nayo uwe umeitajia `argtypes = [c_void_p]`, la sivyo anwani itakatwa nusu tena njiani na utakuwa umeagiza kufutwa kwa kitu usichokimiliki.

Safari ya kurudi ina hatari iliyo kinyume chake. Unaweza kuipa C funksheni ya Python iiite baadaye, kwa kuifunga ndani ya `CFUNCTYPE`. `qsort`, funksheni ya kupanga orodha, inaitumia palepale na kumaliza, hakuna tatizo. Lakini maktaba inayoihifadhi anwani hiyo ili iite dakika kumi zijazo haihesabiwi na Python kama mtumiaji. Usipoiweka kwenye kigeu kinachodumu, mzoa taka ataifuta, na siku C ikibisha mlango huo itakuta kiwanja.

Kuhusu kasi, nitasema kidogo. Kila mwito kupitia ctypes una gharama yake ya kufunga na kufungua mizigo, kwa hiyo kuita funksheni ndogo mara milioni kunaweza kuwa polepole kuliko kuiandika kwa Python. Peleka safu nzima ya namba kwa mwito mmoja. Faida nyingine ni kwamba `CDLL` huachia kufuli kuu la Python wakati C inafanya kazi, hivyo nyuzi nyingine, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu, zinaendelea.

Kumpa mwingine abebe maarifa

Kwa kuwa shida yote ni nani anajua aina, njia mbadala zinatofautiana kwa jibu la swali hilohilo. Cffi, maktaba ya Python ya Armin Rigo na Maciej Fijałkowski, inakuacha unakili tamko la C kama lilivyo kwenye heda, na ina namna ya kutumia ambapo kompaila halisi ya C huitwa ikague ulichoandika. Humo unaruhusiwa kuandika sehemu unazozihitaji za `struct tm` na kuweka nukta tatu mwishoni. Kompaila inasoma heda ya mashine husika na kujaza ukubwa na umbali. Lile kosa la baiti 56 halipati pa kuzaliwa. Rust ina zana ya bindgen inayosoma heda na kutoa matamko, ingawa bado inakulazimisha uandike `unsafe` unapoita. Java ilikaa na JNI, njia yake ya kuita C, tangu miaka ya 1990, ikikutaka uandike C ya kuunganishia, hadi Java 22 ya mwaka 2024 ilipokamilisha njia mpya isiyohitaji hiyo C. PHP ilipata njia ya kwake katika toleo la 7.4.

Kwa maktaba ndogo ya funksheni tatu ninatumia ctypes, maana iko ndani ya Python na haihitaji kompaila. Ikiwa na miundo ya data mingi, ninakwenda cffi bila kusitasita.

Ile saa yetu, ikiwa na muundo wa baiti 56 na `restype` zote zimetajwa, inamalizikia hivi:

```
saa = CDLL("./libsaa.so")
saa.saa_ya_kiswahili.argtypes = [c_int]
saa.saa_ya_kiswahili.restype = c_int
print(saa.saa_ya_kiswahili(w.saa))
```

Niliiendesha jua likiwa limeshazama, ikanipa 1. Kama ni saa moja asubuhi au saa moja jioni, C haikusema; hilo nililiongeza upande wa Python.